Tuyafungulie Maji Njia, Mikoko Itarudi

Masika ya mwaka 2024 yaliifika pwani yetu kwa nguvu: mto Rufiji ulipita kingo zake ukaingia mashambani na majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti, mto Tana ukafanya vivyo hivyo upande wa Kenya, na mwanzoni mwa mwezi wa Mei tufani iliyoitwa Hidaya ikasogea mpaka karibu na kisiwa cha Mafia, ikiwa imepungua ukali lakini ingali na upepo na mvua za kutosha kudhuru. Magazeti yalitimiza wajibu wake kwa kueleza misiba ya watu waliopoteza maskani na mazao, na katika siku zile habari ya miti isimamayo ndani ya maji ya chumvi haikustahili kutangulizwa, maana mwenye mtoto mgongoni na maji kiunoni hana wasaa wa kutazama mikoko. Wasaa huo tunao sasa, na inafaa tuutumie, kwa sababu baada ya gharika kubwa hufuata jambo jingine lisilopigiwa kelele: msitu wa mikoko, uliofukiwa na tope au uliosimama muda mrefu mno katika maji, hukauka mahali fulani na kubaki hai mahali pengine, kisha watu wenye nia njema huja na miche mikononi ili waupande upya.

Nililo nalo kusema ni kwamba haraka hiyo ya kupanda, ijapokuwa chanzo chake ni mapenzi ya nchi, aghalabu huelekezwa mahali pasipo pake. Kwamba mikoko inayo njia yake ya kurudi, iliyo kongwe kuliko idara zetu zote za misitu. Na kwamba wajibu wetu wa kwanza baada ya maafa ni kuilinda njia hiyo, nayo ni njia ya maji. Nasema hivi nikijua ya kuwa nitawaudhi baadhi ya watu ninaowaheshimu, waliotumia nguvu zao na mali zao kupanda. Naomba wanisikilize mpaka mwisho, kwani sikatai kupanda kabisa, na mahali pa kupanda patatajwa.

Asiyeijua desturi ya miti hii hudhani kuwa msitu wa mikoko ni wa mti mmoja uliorudiwarudiwa, ilhali katika pwani ya Kenya peke yake aina zake ni 9, na kila aina ina mahali pake panapoipendeza. Upande wa bahari, panapofunikwa na maji kila yanapojaa, husimama mlilana. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda ikainuka juu ya tope. Kisha huja muia na mkandaa. Na juu kabisa, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu na ardhi ikawa kali kwa chumvi, hukaa mchu, mti mstahimilivu kuliko wenzake wote, ambao katika ghuba ya Gazi huonekana tena huku chini karibu na bahari. Pale ambapo maji ya mto hupunguza ukali wa chumvi, kama katika delta ya Rufiji, hupatikana mkomafi na msikundazi, miti ambayo maseremala na waundaji wa majahazi wameijua thamani yake tangu zamani. Tafauti hizi hazikuja kwa bahati nasibu. Ardhi ikipanda au ikishuka kwa kimo cha shubiri mbili tu, hesabu ya saa ambazo maji hukaa juu yake hubadilika, chumvi yake hubadilika, hewa ipatikanayo mizizini hubadilika, na mti uliokuwa umestarehe hapo miaka 30 hujikuta ugenini.

Hewa ndiyo siri kubwa ya miti hii. Tope la mikokoni halina hewa ndani yake, na kwa hiyo mti huo sharti upumue kwa mizizi iliyo nje: mchu na mlilana huotesha vijiti vingi visimamavyo wima juu ya tope, muia hukunja mizizi yake ikatokeza magoti, na mkoko huvuta pumzi kwa mizizi yake iliyopinda. Maji yakijaa na kupwa mizizi hiyo hufunikwa kwa saa chache ikafunuliwa tena, na mti hauoni taabu yoyote. Lakini likija tope jipya likaifukia, au maji yakasimama wiki baada ya wiki pasipo kupwa, mti hukosa pumzi, majani hugeuka rangi, na baada ya miezi msitu mzima husimama uchi. Hayo ndiyo yaliyotokea katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, wakati wa mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998, mto ulipoteremsha mchanga na tope nyingi kutoka bara ya Kwale na kuvimwaga juu ya mizizi. Katika delta ya Rufiji, baada ya mafuriko ya msimu huohuo, msikundazi ulikauka kwa wingi, na wataalamu walioandika habari zake mwaka 2005 waliuhusisha msiba huo na mafuriko.

Msomaji ataona kwamba nataja mafuriko kuliko upepo, nami nina sababu. Tufani kwetu ni jambo adimu. Ile ya Aprili mwaka 1872, iliyovunja merikebu za Sayyid Barghash bandarini Unguja na kuangusha mikarafuu kisiwani, ilikumbukwa vizazi kwa vizazi kwa kuwa haina wenzake wengi. Majirani zetu wa Msumbiji ndio wanaopigwa mara kwa mara, na habari zao zinatufundisha: kimbunga Eline kilichoingia nchini humo mwezi wa Februari mwaka 2000 kiliharibu vibaya mikoko ya delta ya mto Save, na wataalamu waliorudi kuitazama miaka 14 baadaye waliona kuwa msitu ulikuwa bado haujatimia kurudi. Kwa pwani ya Kenya na Tanzania, hata hivyo, mharibifu wa kawaida ni mto, na tope lake ni adui na mlezi kwa wakati mmoja, kwa sababu lilelile linalofukia mizizi likija kwa fujo ndilo linalojenga ardhi mpya likija kwa kadiri, na delta yote ya Rufiji, yenye takriban hekta 50,000 za mikoko, ni kazi ya mikono yake.

Basi msitu ukiisha kufa, hurudije?

Hurudi kwa njia mbili, na ya kwanza ni ya miti ambayo haikufa kweli. Mchu uliovunjika matawi huchipua kutoka shinani, na mlilana kadhalika, hata mtu aliyedhani kuwa eneo limekwisha hushangaa akiona majani mabichi juu ya magogo aliyoyahesabu kuwa kuni. Mkoko wenyewe hauna uwezo huo: ukipoteza matawi yake yote yenye majani, mbao yake ya zamani haitoi chipukizi, nao hufa. Jambo hili, ambalo wakata boriti wetu wamelijua kwa tajiriba ya kazi yao, lilidhihirika kwa uchungu huko Ufilipino baada ya kimbunga Haiyan cha Novemba 2013, pale mashamba ya mikoko ya aina moja, yaliyopandwa kwa mistari kwa miaka mingi, yalipokufa kuliko misitu ya asili iliyochanganyika mchu na mlilana. Aliyepanda mkoko mtupu alikuwa amepanda msitu usioweza kujiinua.

Njia ya pili ni ya mbegu, na hapa hikima ya maumbile ni kubwa mno kiasi cha kumfanya mtu anyamaze na kutazama. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mama yake, ikaning'inia na kurefuka mpaka ikafikia nusu mita au kuzidi. Ikianguka maji yamekupwa, huenda ikajichoma topeni papo hapo, na ikianguka maji yamejaa huelea, ikasafiri wiki nyingi ingali hai, mpaka ikwame mahali. Mbegu ya mchu ni ndogo na bapa, huvua ganda lake majini, na haitaki kusumbuliwa: inapotua yahitaji siku kadhaa zisizofikiwa na maji ili mzizi wake upate kushika, kwa maana wimbi likija kabla ya hapo huing'oa. Tazama basi jinsi mwezi unavyoihudumia. Maji ya bamvua huichukua mbegu mpaka juu kabisa ya ufuo, kisha huja maji mafu, ambayo hayafiki huko, na katika siku hizo za utulivu mzizi huteremka kiasi cha kuweza kuhimili bamvua ijayo. Mlilana hupasua tunda lake lililojaa mbegu ndogo ndogo. Mkomafi huangusha tunda zito la duara linalofunguka na kutoa mbegu zenye pembe. Kila moja huelea kwa namna yake na kukwama mahali pake. Magogo yaliyolala, mizizi iliyokufa ambayo ingali imesimama, na majani mafupi ya nyamanyama yanayostahimili chumvi, vyote hivyo hunasa mbegu zinazopita na kuzipa kivuli katika jua kali la kaskazi. Kaa wa mikokoni nao hula sehemu kubwa ya mbegu hizo, hasa upande wa juu, na hivyo huamua kwa meno yao ni mti upi utasimama wapi. Huu nao ni utaratibu, wala si hasara.

Kwa hiyo msitu wa asili hupandwa na bahari yenyewe, mara mbili kwa kila mwezi, bure, kwa mbegu zisizohesabika, na kila mbegu hujaribiwa mahali ilipotua. Isiyofaa hufa, ifaayo hukua. Hakuna kitalu kinachoweza kushindana na kazi hii. Lakini kazi hii ina masharti: ibaki miti mama iliyo karibu, maji yapate kuingia na kutoka, na ardhi iwe katika kimo kinachofaa. Likikosekana moja katika hayo, mbegu milioni hazioti.

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao umetoka mbali, katika visiwa vya Andaman na Nikobar vya India, ambako zilzala ya tarehe 26 Desemba 2004, ileile iliyoleta tsunami mpaka pwani zetu, iliinua ardhi upande mmoja na kuizamisha upande mwingine. Kaskazini mwa Andaman ardhi ilipanda kiasi cha mita moja, na mikoko ambayo wimbi halikuiangusha ilikufa polepole ikiwa imesimama, kwa kuwa maji yaliyokuwa yakiifikia kila siku hayakuifikia tena. Huko Nikobar ardhi ilizama, mikoko ya zamani karibu yote ikaangamia kwa kuwa chini mno, lakini mabonde yaliyokuwa nchi kavu yakaanza kuingiliwa na bahari, na miaka iliyofuata wataalamu waliikuta mikoko michanga imeota humo yenyewe, mahali ambapo haikupata kuwako. Hakuna aliyeipanda. Maji yalibadili njia, nayo ikayafuata.

Na sasa nitazame kwa masikitiko yale yaliyofanywa na binadamu baada ya tsunami hiyohiyo. Fedha nyingi zilikusanywa ulimwenguni kwa ajili ya kupanda mikoko iwe boma la kuzuia mawimbi, na huko Sri Lanka, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka 2017, yalikaguliwa maeneo 23 yaliyokuwa yamepandwa: katika hekta 1,000 hadi 1,200 zilizotiwa miche, zilizofaulu hazikuzidi takriban 220, na katika maeneo 9 haukubaki hata mche mmoja. Sababu zilijulikana, nazo ni zilezile zinazojirudia Ufilipino na kwingineko. Ufuo mtupu wa tope ulio chini, ambao maji huufunika muda mwingi wa siku, hauna mwenyewe wa kuupinga mradi, wala hauna shamba la mtu ndani yake, na hivyo huchaguliwa. Mbegu ya mkoko ni ndefu, huokotwa kwa urahisi na kuchomekwa kwa urahisi, hata mtoto wa shule aweza kuchomeka mia kwa asubuhi moja, na hivyo huchaguliwa. Picha hupigwa siku ya kwanza, na hesabu ya miche iliyochomekwa huandikwa katika ripoti. Hakuna anayeulizwa kwa nini mahali hapo palikuwa patupu tangu awali. Kama mikoko ingeweza kuota pale, bahari ingekwisha kuiotesha zamani.

Sherehe za namna hii zipo kwetu pia, na nasema kwa uwazi kwamba zinanitia wasiwasi. Hutangazwa idadi ya miche, haitangazwi idadi ya miti iliyo hai baada ya miaka 5. Huchaguliwa mkoko peke yake, mti usioweza kuchipua, katika pwani iliyojaaliwa aina 9. Huchimbwa miche midogo kutoka chini ya miti mama na kuhamishiwa mahali inapokwenda kufa. Watu wa kijiji, wanaojua kwa kutazama tu ni tope gani lina uhai na lipi halina, hulipwa ujira wa siku moja ili wachomeke mahali walipoonyeshwa na mgeni.

Alikuwako mtu mmoja huko Florida, Marekani, jina lake Robin Lewis, aliyetumia umri wake kuonyesha njia nyingine. Alisisitiza kwamba mikoko huishi katika sehemu ya juu ya ufuo, kuanzia takriban usawa wa kati wa bahari mpaka ukomo wa bamvua, mahali panapofunikwa na maji kwa kiasi cha asilimia 30 ya wakati au chini ya hapo, na kwamba kazi ya mtengenezaji ni kuipatia ardhi kimo hicho na kuyafungulia maji mikondo yake. Katika eneo la West Lake, katika mji wa Hollywood wa jimbo hilo, kifusi cha zamani kiliondolewa, ardhi ikateremshwa, mikondo ikachimbwa upya, na mkoko haukupandwa hata mmoja. Aina zote 3 za mikoko ya Florida zikaja zenyewe.

Hapa atasimama mtu wa Gazi, katika pwani ya kusini ya Kenya, aniulize: je, na kwetu? Swali lake ni la haki. Mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa vibaya katika miaka ya 1970 ili iwe kuni za viwanda, na sehemu zilizoachwa wazi zilikaa miaka na miaka pasipo kujirudisha, kwa sababu miti mama ilikwisha ondolewa na mchanga ukaanza kutembea. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu James Kairo na wenzake walianza kupanda, kwa kuchagua aina kufuatana na kimo cha ardhi na kwa kuirudia kazi yao kuikagua, na baada ya miaka michache lilionekana jambo la kufurahisha: katika mashamba yale yaliyopandwa aina moja, hasa mlilana, aina nyingine ambazo hazikupandwa zilianza kuingia zenyewe, ilhali sehemu za jirani zilizoachwa tupu zilibaki tupu. Mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza baadaye kijijini hapo, wa kuhifadhi hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa kwa manufaa ya maji na shule, umesimama juu ya msingi huo. Huku ndiko kupanda kwenye maana: mti wa kwanza huwekwa na binadamu ili ukaribishe mingine, mahali ambapo mbegu haina mama wa kuitoa au haina kitu cha kuinasa. Tena sikatai kwamba subira ina mpaka wake. Kisiwani Guanaja, katika nchi ya Honduras, kimbunga Mitch cha Oktoba 1998 kiliua karibu mikoko yote, na kwa kuwa ardhi pale ilikuwa imefanyizwa kwa mizizi ya miti yenyewe, mizizi ilipooza ardhi ilianza kuzama kwa milimita 11 kila mwaka, hata ikawa kila mwaka wa kungoja unapunguza tumaini la kurudi. Mahali kama hapo kuchelewa ni kosa. Lakini hata hapo kinachoanza ni kipimo cha ardhi na maji. Mche hufuata baadaye.

Nikirudi kwetu, naona kwamba sheria zetu tangu mwanzo zililinda mti zikasahau maji. Wajerumani waliiweka mikoko ya Rufiji katika hifadhi mwaka 1898. Serikali ya Kenya ya wakati wa Waingereza ilifanya hivyo mwaka 1932. Na mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje, biashara iliyokuwa imezijengea nyumba nchi za Ghuba kwa karne nyingi. Yote hayo yalikuwa na faida yake. Lakini hakuna mwenye shoka aliyeua mikoko ya Mwache mwaka 1998. Aliyeiua ni mto uliobeba udongo wa vilima visivyo na miti tena. Mwenye kutengeneza barabara juu ya hori akaweka karavati moja nyembamba mahali palipotaka daraja huua mikoko ya upande wa ndani kwa kuinyima maji, wala hashtakiwi. Mwenye kuinua tuta la shamba la chumvi, kama yale ya kaskazini ya Malindi, hubadili mwendo wa maji hata nje ya mpaka wake. Na mwenye kujenga bwawa juu ya mto mkubwa hushika mkononi mwake maji na tope vya delta nzima: bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na kuanzia hapo uhai wa mikoko ya Rufiji hautegemei mvua na bahari peke yake, unategemea pia amri ya kufungua na kufunga milango. Sisemi bwawa lisiweko, kwani taifa linahitaji umeme. Nasema katika hesabu za bwawa hilo delta iandikwe kuwa mdai, mwenye haki ya kupata mafuriko ya kadiri katika majira yake pamoja na sehemu ya tope lake, maana delta isiyoletewa tope huliwa na bahari.

Kuna pia la wakulima, ambalo nalitaja kwa upole kwa sababu njaa haina mjadala. Katika sehemu ya kaskazini ya delta ya Rufiji, ambako maji matamu yamekuwa mengi zaidi kwa miongo kadhaa, mikoko imekuwa ikifyekwa kwa ajili ya mpunga. Shamba hutoa mavuno mazuri miaka ya mwanzo, kisha magugu na kaa huzidi nguvu, na mkulima huhamia mbele. Shamba lililoachwa halirudi msitu kwa wepesi, kwa sababu majani marefu ya mabwawani na mimea itambaayo huziba ardhi, na mbegu ya mchu ikifika haipati jua wala tope la kushika. Hapa ndipo mikono ya watu ingefaa kulipwa, si kwa kuchomeka mikoko katika tope la baharini, bali kwa kufyeka majani hayo kabla ya msimu wa mbegu na kuzibua vijito vilivyozibwa na majaruba, ili bahari ipate mlango. Ni kazi isiyopendeza katika picha, lakini ni kazi ya kweli.

Kadhalika, msitu uliokufa kwa mafuriko usikimbiliwe kwa shoka siku ya pili yake. Najua kuni ni ghali na magogo yale makavu yanavutia. Lakini mchu na mlilana uliodhaniwa umekufa huenda ukachipua, na ule uliokufa kweli huwa kinga ya miche michanga dhidi ya mawimbi na jua. Mtu akivuta magogo topeni huvunja kwa mguu mmoja miche ambayo bahari imehangaika msimu mzima kuiweka. Kamati za vijiji zingetosha kuweka sharti la mwaka mmoja au miwili, na baada ya hapo wenyeji, kabla ya mtu mwingine yeyote, wapewe haki ya kuchukua kinachofaa kuchukuliwa.

Kwa hiyo nawaomba maafisa wa misitu wa kaunti za Kenya na wa halmashauri za Tanzania, pamoja na wafadhili wao, kwamba kabla ya kununua mche hata mmoja kwa ajili ya mahali palipoharibiwa na masika ya 2024, waende hapo pamoja na wavuvi, wakata boriti na wanawake wanaookota chaza, waende wakati wa bamvua na waende tena wakati wa maji mafu, watazame maji yanaingilia wapi na kutokea wapi, wahesabu miti mama iliyobaki, wainame waangalie kama miche ya bahari imekwisha anza. Wakiikuta, waondoke wailinde. Wasipoikuta, watafute kilichoizuia, wakiondoe kwanza. Na ikiwa hapana mama karibu, hapo wapande, kwa aina zinazostahili mahali pale, na kwa ahadi ya kurudi kuhesabu baada ya miaka 5. Na fedha iliyotengwa kwa sherehe za miche mwaka huu ihamishiwe kwenye makaravati na kuzibua mikondo.